Kibwebwe cha Daraja

Ukitoka Songea mjini ukaelekea milima ya Matogoro, utaukuta Mto Ruvuma ungali mtoto mchanga. Ni kijito kinachopita baina ya miti, ambacho mwanafunzi aliyevua viatu aweza kukivuka bila ya kulowesha kaptula yake. Maji hayo hayo, yakisha kupokea mito mingine ya pande zote mbili, hufika Mtambaswala yakiwa mapana hata kudai daraja la urefu wa mita 720. Daraja hilo, linaloitwa la Umoja, lilifunguliwa tarehe 12 Mei, 2010, na Marais wawili, Ndugu Jakaya Kikwete wa Tanzania na Ndugu Armando Guebuza wa Msumbiji, na hivyo likatimia jambo lililokuwa likizungumzwa tangu siku za Mwalimu Nyerere na Samora Machel.

Kila niendapo likizo nyumbani Unguja, ndugu zangu huniuliza imekuwaje mtu aliyezaliwa na kulelewa kisiwani, akasoma chuoni na kisha skuli ya Serikali, kuja bara kufanya kazi ya Chama na kushikwa na hamu ya kuandika habari za madaraja. Jawabu langu ni kwamba mtu wa kisiwani anaijua vizuri sana maana ya kungoja. Watu wa Uzi kwa miaka mingi wamepanga safari zao kwa kutazama maji. Bahari ikijaa, barabara inayopita katikati ya mikoko humezwa, na mgonjwa hungoja sawasawa na mwenye ndizi zake za kupeleka sokoni. Huku Kusini watu hungoja mvua zipungue na mto ushuke. Shida ni moja. Kwa hiyo nimeona yafaa leo, katika safu hii, nieleze namna boriti za madaraja ya siku hizi zinavyofanya kazi, na kwa nini sehemu iliyo kubwa kuliko zote katika kazi hiyo ni ile ambayo siku ya kukata utepe hakuna kiongozi anayeonyeshwa.

Tuanze na tabia ya zege. Zege lina nguvu nyingi kwa upande mmoja na udhaifu mkubwa kwa upande wa pili. Ukilibana hustahimili kama mwamba. Ukilivuta hukatika upesi, kwa maana nguvu yake ya kustahimili kuvutwa ni kama sehemu moja tu katika kumi ya ile ya kustahimili kubanwa. Sasa tazama ubao uliolazwa juu ya mawe mawili, mtu akasimama katikati yake. Ubao hupinda, upande wa juu hubanwa, na upande wa chini huvutwa. Boriti ya daraja ni vivyo hivyo, na ndiyo sababu mafundi hutia nondo upande wa chini, ili chuma kichukue ule mvuto ambao zege haliwezi kuuchukua. Njia hiyo yatosha kwa kalvati na kwa madaraja mafupi. Lakini boriti ikifika mita 30 au 40, uzito wake yenyewe huwa mkubwa hata nguvu nyingi hupotea katika kujibeba, na nyufa ndogo ndogo huweza kujitokeza tumboni kabla ya lori la kwanza kupita.

Dawa ya tatizo hilo mama zetu wanaijua. Mwanamke mwenye kazi nzito mbele yake hujifunga kibwebwe. Hangoji mzigo umlemee ndipo atafute kanga. Hujikaza kwanza, kisha ndipo huinama. Wahandisi nao huifunga boriti kibwebwe kabla haijabeba kitu. Ndani ya boriti, zege likiwa bado halijamwagwa, hulazwa mabomba membamba ya bati. Mabomba hayo hayakunyooka: miishoni yako juu, na katikati yamelegezwa hadi karibu na tumbo la boriti, mfano wa kamba ya kuanikia nguo iliyolemewa na mashuka. Zege likisha kukomaa, hupitishwa ndani yake kamba za chuma, kila moja imesokotwa kwa nyaya saba, na unene wake ni kiasi cha milimita 15. Jeki huzivuta kamba hizo kutoka mwishoni mwa boriti, na zikifikia mvuto uliopangwa hushikwa na kabari za chuma ili zisirudi.

Hapo ndipo kazi inapofanyika. Kamba, kwa kutaka kurudia urefu wake wa asili, huibana boriti mwisho kwa mwisho. Na kwa kuwa imepindishwa, hutaka pia kunyooka, na kwa kutaka kunyooka huisukuma boriti juu. Ukisimama kando utaona kwa macho yako kitu cha tani 50 kikijiinua katikati kwa upana wa kidole kimoja au viwili, kikaachana na sakafu kilipofyatuliwa. Mimi nilipoliona jambo hilo kwa mara ya kwanza nilidhani ni kosa, nikarudi nyuma hatua mbili, mafundi wakacheka.

Nguvu zilizomo si za mchezo. Kamba moja ya namna hiyo hukatika kwa mzigo wa tani 26 hivi, na jeki huivuta hadi karibu na robo tatu ya kiasi hicho. Maana yake ni kwamba kitu chembamba kama kidole cha shahada hushika mvuto wa tani 19 usiku na mchana, siku ya kazi na siku ya sikukuu, hata kama hapana gari lolote juu ya daraja.

Yapo mambo mawili yanayoifanya njia hii kufaa mahali kama petu. La kwanza ni kwamba boriti hutengenezwa ukingoni, katika nchi kavu, wala hapana haja ya kusimamisha msitu wa magogo na vyuma ndani ya mto ili kushikilia zege bichi. Anayezijua mvua za Ruvuma, zinazoanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Aprili, anajua magogo hayo huishia wapi. La pili ni kwamba kamba huvutwa baada ya zege kukomaa, na kinachotegemewa ni boriti yenyewe. Ile njia nyingine, ya kuvuta kamba kwanza na kumwaga zege baadaye, hutaka kiwanda chenye nguzo nzito za kuzishikilia kamba. Hii yetu hutaka jeki, pampu, na watu wanaojua wanachokifanya. Madaraja mengi ya reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, yalijengwa kwa boriti zilizofyatuliwa katika viwanja maalumu na kisha kupandishwa juu ya nguzo moja baada ya nyingine.

Msomaji ataweza kuuliza: jambo jepesi namna hii, kwa nini halikugunduliwa zamani? Watu wa Marekani na Ujerumani walilijaribu tangu karne ya 19, wakashindwa. Aliyeutegua mtego huo ni Mfaransa Eugène Freyssinet, aliyeandikisha njia yake mwaka 1928. Yeye alifahamu kwamba zege halikai kimya. Hunywea kwa kukauka, na likibanwa kwa muda mrefu huendelea kujikunja polepole, mwaka hata mwaka. Wataalamu husema zege linatambaa. Boriti ya mita 30 yaweza kupungua urefu kwa kiasi cha milimita 20. Wale wa mwanzo walitumia chuma cha kawaida, wakakivuta kidogo, nacho kikarefuka kiasi hicho hicho cha milimita 20. Zege likisha kunywea, kibwebwe chote kimelegea, na boriti imerudi kuwa boriti ya kawaida. Freyssinet akasema: tutafute chuma kikali, tukivute sana. Kamba za leo, katika boriti ya mita 30, hurefuka kiasi cha sentimita 20. Zege likila sentimita 2, bado sehemu iliyo kubwa imebaki.

Hata hivyo hesabu hiyo isipofanywa kwa uangalifu huwa na madhara. Ndugu zetu wa visiwa vya Palau, katika bahari ya Pasifiki, walijengewa mwaka 1977 daraja la kuunganisha Koror na Babeldaob, lenye upana wa mita 240 baina ya nguzo. Halikuwa la boriti za kufyatuliwa pembeni kama haya ninayoyaeleza, lakini zege na kamba ni vile vile. Katika miaka isiyotimia 20 lilizama katikati kwa zaidi ya mita moja. Mwaka 1996 wakaliongezea kamba nyingine ili kulinyanyua, na tarehe 26 Septemba ya mwaka huo huo likaanguka na kuua watu wawili. Mabingwa wamebishana juu ya sababu ya kuanguka; juu ya kule kuzama kwa kutambaa hapana ubishi.

Nimesema kamba hupita ndani ya bomba. Baada ya kukazwa, bomba hilo haliachwi tupu. Husukumwa ndani yake uji wa saruji kwa pampu, hadi nafasi yote ijae. Uji huo una faida mbili: huifanya kamba ishikamane na zege kwa urefu wake wote, na huukinga chuma na kutu, kwa sababu saruji ina tabia ya kuzuia kutu maadamu maji yenye chumvi hayajafika. Kamba iliyovutwa kiasi kile ikipata kutu haiharibiki kwa adabu kama bati la paa. Nyuzi zake hukatika moja moja gizani, mahali ambapo jicho halifiki.

Juu ya uji huo nina kisa, nami sijitoi katika lawama. Miaka kadhaa iliyopita palikuwa pakijengwa daraja moja katika mikoa hii ya Kusini. Jina lake na la mkandarasi wake nayaacha. Mwenge wa Uhuru ulikuwa unakaribia, na katika ratiba iliyokwisha kuandikwa daraja hilo lilikuwa la kuzinduliwa. Mimi ni mmoja wa waliotilia mkazo tarehe ile. Usiku mmoja nikaletewa habari kwamba msimamizi, binti mmoja mhandisi ambaye hata miaka 30 sidhani kama alikuwa ametimiza, amekataa kutia saini kazi ya boriti mbili. Nikaenda mwenyewe kwa gari, nimekasirika.

Akanipokea kwa heshima. “Shikamoo, Ndugu Katibu.” Nikamwitikia, nikamwambia, “Binti yangu, Mwenge hauna subira. Bomba limejazwa, watu wote wameona, wewe unangoja nini?”

Akanichukua mpaka kwenye boriti, akawasha tochi. Akanieleza kwamba uji huingizwa upande mmoja, na sehemu za juu za bomba zimeachwa midomo midogo ya kutolea hewa. Ni lazima uji utoke katika kila mdomo, na utoke mzito kama ulivyoingia, ndipo mdomo ule uzibwe. Mwisho kabisa utoke upande wa pili. Katika mabomba mawili, mdomo wa mwisho ulikuwa umetoa maji maji, kisha ukanyamaza. Wale wa pampu walisema umejaa. Yeye alikuwa na daftari: alikuwa amepiga hesabu ya nafasi iliyomo ndani ya bomba baada ya kuondoa kamba, na ya uji uliosukumwa, na uji ulikuwa mchache kuliko nafasi. “Mimi hutia saini nilichokiona, Ndugu Katibu,” akasema. “Hiki sikukiona.”

Wallahi neno lile lilinirudisha chuoni, kwa maalimu wangu aliyetufundisha kwamba shahidi hushuhudia alichokiona kwa jicho lake, na anayeshuhudia kwa kusikia amekwisha kuharibu kesi. Lakini sitasema kwamba nilikubali pale pale. Nilirudi nyumbani nikiwa bado na hasira, na usiku ule nilipiga simu mbili ambazo leo nazionea haya.

Siku mbili baadaye wakatoboa tundu dogo karibu na ule mdomo. Yakatoka maji, tena meupe, kiasi cha kujaza kikombe. Na nyuma ya maji palikuwa patupu kwa urefu wa mkono wa mtu mzima. Kamba zilikuwa zinaonekana, zinang’aa, hazijafunikwa na kitu. Kwa kuwa zilionekana mapema, dawa yake ilikuwa ndogo: walinyonya hewa na maji, wakajaza upya, wakaandika. Mwenge ulipofika ulizindua madarasa mawili ya shule ya msingi, na wananchi wakashangilia vile vile.

Yaliyowapata wengine ambao tundu halikutobolewa yanajulikana. Huko Wales, daraja dogo la Ynys-y-Gwas, lililojengwa mwaka 1953 kwa vipande vya zege vilivyofyatuliwa pembeni na kukazwa kwa kamba, lilianguka tarehe 4 Desemba, 1985. Halikutoa dalili yoyote kabla. Maji yenye chumvi yalikuwa yamepenya kwenye maungio ya vipande na kuzila kamba ndani kwa ndani. Kwa bahati hakuumia mtu, lakini Serikali ya Uingereza ilishtuka, na mwaka 1992 ikasimamisha ujenzi wa madaraja mapya ya kamba zilizofunikwa kwa uji wa saruji, ikachukua muda hadi mwaka 1996 kuandika masharti mapya kabla ya kuanza kuyaruhusu tena. Katika visiwa vya Florida Keys, nchini Marekani, mwaka 1999 kamba nzima ilikutwa imekatika katika daraja la Niles Channel, ambalo halikuwa limetimiza hata miaka 20. Kutu ilianzia mwishoni mwa kamba, mahali ambapo maji ya uji yalikuwa yamejitenga na kuacha nafasi tupu. Ni kikombe kile kile cha maji nilichokiona mimi.

Sasa naomba watu wa Unguja na Pemba wanisikilize. Chumvi iliyoliua daraja la Wales ilitoka kwenye magunia. Wenyeji huimwaga barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu. Sisi haituhitaji gunia. Inakuja na upepo wa bahari kila siku, bure, na inakaa juu ya zege. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilipoamua kuwaunganisha watu wa Uzi na Ng’ambwa kwa daraja, iliamua jambo jema ambalo wazee wengi walikufa wakilitamani. Na kwa kuwa daraja la mahali pale hukaa juu ya maji ya chumvi, mwenye kulikagua asiridhike kwa kuona lami nyeusi na vyuma vya pembeni vilivyopakwa rangi. Aulize zege lililofunika chuma lina unene gani. Aulize mabomba ya kutolea maji ya mvua yanamwaga wapi, kwani mara nyingi nimeona bomba fupi linalomwaga maji juu ya kichwa cha boriti, pale pale kamba zilipofungiwa. Aulize daftari la uji liko wapi, na nani alilitia saini.

Upande wetu wa Songea adui ni uzito. Malori ya makaa ya mawe kutoka Ngaka, wilayani Mbinga, na yale ya mahindi, hupita juu ya madaraja yetu mchana na usiku. Ni neema kwa mkoa, wala simtakii mtu hasara. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake, na mizani imewekwa kwa ajili hiyo. Lakini wapo wanaoyaona mizani kuwa adui wa mfanyabiashara. Yafaa wajue tabia moja ya boriti iliyokazwa. Lori lililozidisha mzigo sana likipita, tumbo la boriti huweza kufunguka ufa mwembamba; lori likisha ondoka, kamba huivuta boriti na ufa hujifunga tena, usiuone. Mkaguzi akija asubuhi atakuta boriti safi. Ufa hufunguka tena usiku unaofuata, na kila ufungukapo huacha njia kwa unyevu kuelekea kwenye kamba. Boriti ya nondo za kawaida hulalamika wazi wazi kwa nyufa na kulegea. Hii huficha ugonjwa wake kama mzee asiyetaka kupelekwa hospitali.

Kwa hiyo wakubwa wa ofisini, mnapopanga fedha za mwaka, msilitazame fungu la ukaguzi wa madaraja kuwa ni posho za watu kutembea. Kusafisha maungio, kuzibua mabomba ya maji, kubadilisha mipira ambayo boriti huegemea, ni kazi za fedha kidogo. Na daftari za ujenzi zisiondoke na mkandarasi. Nimepata kuuliza karatasi za daraja moja lisilotimiza miaka 15 nikaambiwa kabati lilihamishwa ofisi ilipohama, na ufunguo haukuonekana. Mhandisi atakayekuja baada ya miaka 40 atajuaje bomba lipi lilisumbua?

Yule binti alihamishiwa mkoa mwingine kwa kazi kubwa zaidi. Mvua za mwaka huu zilipopungua nilipita katika daraja lile, nikamwomba dereva asimame. Nikateremka chini kwa tabu, maana magoti si yale ya zamani, nikaitazama ile boriti. Pale walipotoboa pana kiraka cha saruji kisichozidi ukubwa wa sarafu, na pembeni yake tarehe na namba vimeandikwa kwa rangi nyekundu iliyoanza kufifia. Nikapitisha mkono juu ya kiraka kile. Palikuwa pakavu.